Sura ya mkono ndani ya skrini: kuchora kwa Krita na MyPaint bila kuonekana kompyuta

Kisu cha Rangi (mwanzisha uzi)

Ndugu wachoraji, kuna swali ambalo halikosekani kila tunapokutana wachoraji wa Nairobi, iwe ni katika maonyesho au mitandaoni: ni brashi gani nipakue ili mchoro wangu wa kompyuta ufanane na rangi ya mafuta? Jibu langu, ambalo najua halitawafurahisha wote, ni kwamba brashi ndiyo jambo la mwisho kabisa la kuhangaikia. Mchoro hupata sura ya mkono kutokana na yale ambayo mchoraji amejinyima, na programu huria tulizo nazo bila malipo zinatosha na kubakisha kwa kazi hiyo.

Programu zenyewe nitazipitia haraka. Krita ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya KDE, mradi wa programu huria, kama programu ya kuhariri picha, na ni takriban mwaka 2009 ambapo watengenezaji wake waliamua kuwahudumia wachoraji kwanza. Toleo la 5.0 lilitoka Desemba 2021, na ndilo lililoingiza ndani ya Krita injini ya brashi za MyPaint. MyPaint yenyewe ni ndogo zaidi, skrini yake haina vitufe vingi, kanvasi yake haina mpaka, na toleo lake la 2.0 la mwaka 2020 lilileta namna mpya ya kuchanganya rangi ambayo nitaieleza hapa chini. GIMP siipendekezi kwa kazi hii. Ingawa tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 nayo inazipokea brashi za MyPaint, mpangilio wake bado ni wa mtu anayehariri picha za kamera. Ukiikuta Krita ikiuzwa katika duka la Steam au la Microsoft, fahamu kwamba ni programu ileile inayopatikana bure kwenye tovuti yake, na fedha hizo ni mchango kwa wanaoitengeneza.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo kompyuta hujiumbua kwanza. Skrini huchanganya mwanga, ilhali rangi ya kopo ni chembe zinazonyonya baadhi ya mwanga na kurudisha uliobaki. Chukua bluu kamili ya skrini, ambayo kwa namba za RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa chaneli yake) ni 0, 0, 255, uichanganye nusu kwa nusu na manjano kamili ambayo ni 255, 255, 0, na wastani utakaoupata ni takriban 128 katika kila chaneli, yaani kijivu kitupu. Mtoto yeyote aliyewahi kushika rangi za maji shuleni anajua kwamba bluu na manjano huzaa kijani. MyPaint 2.0 hulitatua jambo hili kwa kuzigeuza kwanza namba za RGB kuwa wigo wa mawimbi ya mwanga, kisha kuchanganya wigo kwa wigo, na kijani kinatokea kama inavyotarajiwa. Katika Krita, injini ya kukoroga rangi hupitia hesabu ya kawaida, na ndiyo sababu wengi hulalamika kwamba kila wanapolainisha mpaka kati ya rangi mbili hupata tope. Dawa yake ni ya kizamani: usitegemee kukoroga juu ya mchoro. Ichague rangi ya katikati wewe mwenyewe kutoka kwenye gurudumu la rangi, na uiweke kama mpako wake peke yake kati ya zile mbili. Mchoraji mzuri wa mafuta naye huchanganya sehemu kubwa ya rangi zake juu ya paleti kabla ya kugusa kanvasi.

Nidhamu ya pili ni uchache. Gurudumu la Krita linakupa mamilioni ya rangi, na mgeni huzitumia kana kwamba zote zimelipiwa. Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa paleti ya rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya vermilioni na nyeusi. Tengeneza paleti hiyo katika Krita, ufunge gurudumu kabisa, na uchore kibanda cha mama mboga. Utashangaa kwamba sukuma wiki inachoreka: manjano ya udongo ikichanganywa na nyeusi hutoa kijani cha zeituni kilichotulia, na kijani hicho kikikaa kando ya nyanya nyekundu, jicho lenyewe hukiongezea ukali. Ushauri mmoja mdogo hapa ni kwamba nyeusi ya skrini haina joto wala baridi, hivyo iegemeze kidogo upande wa bluu, nayo ikichanganywa na nyeupe itasimama mahali pa bluu katika mchoro mzima. Anayeona rangi nne ni mateso anaweza kutumia kinyago cha rangi kilichomo kwenye kiteuzi cha kisanaa cha Krita, ambacho hufunika sehemu ya gurudumu na kukuachia pembe unayoitaka tu.

Tatu, usianze juu ya weupe. Karatasi nyeupe ya skrini inang'aa kuliko kitu chochote utakachochora juu yake, na matokeo yake kila rangi ya kwanza huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe unaishia kuchora kila kitu kwa rangi zilizofifia. Wachoraji wa mafuta kwa karne nyingi wamepaka kwanza rangi ya msingi, mara nyingi ya kahawia. Sisi wa hapa hatuna haja ya kutafuta mbali, kwa sababu udongo mwekundu wa Kiambu na wa pembezoni mwa Nairobi ni msingi wa ajabu kwa mandhari yoyote yenye majani. Ukiuacha uchungulie hapa na pale kati ya mipako ya kijani, mchoro mzima hushikamana, kwa kuwa rangi moja imepita chini ya vitu vyote.

Nne, na hapa wengi watanipinga, punguza leya, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine. Mimi hutumia leya moja ya mchoro wa awali na moja ya rangi, basi. Mtu akiweka anga kwenye leya yake, miti kwenye leya yake na mtu kwenye leya yake, kingo zote hubaki kali vilevile, kwa maana hakuna mahali ambapo rangi ya mti ililazimika kukutana na rangi ya anga ikiwa bado mbichi. Kingo zinazopotea na kujitokeza tena ndizo zinazotofautisha mchoro na karatasi zilizokatwa kwa makasi zikabandikwa.

Ndipo sasa tufike kwenye brashi. Krita huja na seti iliyopangwa kwa herufi, na sehemu kubwa ya seti hiyo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018 imetokana na kazi ya Mfaransa David Revoy, ambaye huchora katuni yake ya mtandaoni, Pepper&Carrot, kwa programu huria na kuitoa kwa leseni huria pia. Chagua brashi tatu: moja pana yenye nywele kavu, moja inayokoroga, na moja ndogo ya kumalizia. Kisha zifungue kwenye kihariri cha brashi na uzime mpangilio unaofanya ukubwa ufuate mgandamizo wa kalamu. Brashi halisi ya upana wa sentimita mbili haiwi sindano kwa sababu umeishika kwa upole, bali huacha rangi kidogo. Mgandamizo uelekezwe kwenye kiasi cha rangi na kwenye umbile la kanvasi.

Kuhusu umbile hilo, nawaomba mwache tabia ya kubandika picha ya kanvasi juu ya mchoro mzima mwishoni. Mtu aliyewahi kuona mchoro wa mafuta kwa karibu huitambua hila hiyo mara moja, kwa sababu katika mchoro halisi nyuzi huonekana pale rangi ilipopita nyembamba na hufunikwa pale rangi ilipolala nene, ilhali kwenye picha iliyobandikwa nyuzi ziko kila mahali kwa usawa. Krita inakuruhusu kuweka umbile ndani ya brashi yenyewe na kufunga nguvu yake kwenye mgandamizo. Gusa kwa upole, rangi itashika vilele vya nyuzi tu, kandamiza, itajaza.

Mchoraji wa Ngara

Shukrani kwa uzi huu, mwalimu. Mimi natumia kompyuta ndogo ya mitumba niliyonunua hapa mjini, yenye RAM ya gigabaiti 4, na kila nikifungua kanvasi ya A3 mashine hulemewa. Je, nisahau Krita nibaki na MyPaint? Pia, tableti yangu ya kuchorea si ya kampuni ya Wacom, na nimehamia Linux hivi karibuni. Kalamu inasogea lakini mgandamizo hausomeki.

Kisu cha Rangi

Ndugu yangu, usisahau Krita. Piga hesabu kwanza. A3 kwa doti 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani kama milioni 17.4. Kila pikseli ya biti 8 kwa chaneli huchukua baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni karibu megabaiti 70, na ukichagua biti 16 inakuwa maradufu. Ukiwa na leya ishirini zilizojaa, tayari umekaribia gigabaiti moja na nusu kabla mfumo wenyewe haujachukua sehemu yake. Ukiwa na leya mbili hata hufiki megabaiti 200. Krita huhifadhi leya kwa vigae vidogo na haitengi nafasi kwa vigae visivyoguswa, kwa hiyo leya tupu haikugharimu sana. Zinazokulemea ni leya zilizopakwa ukingo hadi ukingo.

Kwa mashine yako, anza mchoro kwa nusu ya ukubwa, umalize maumbo makubwa na mgawanyo wa mwanga na giza, ndipo uongeze ukubwa wa kanvasi kwa ajili ya mipako ya mwisho. Alama za mwisho zitakuwa na ukali wake, na ulaini wa zile za chini hautaonekana kama kasoro. Pia, epuka brashi za kukoroga zenye kipenyo kikubwa sana, kwani hizo hulazimika kusoma rangi iliyo chini yake kwa kila hatua na ndizo nzito kuliko zote.

Kuhusu tableti, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, huzitambua Wacom bila shida, na aina nyingine nyingi huhudumiwa na mradi wa DIGImend au na programu huria iitwayo OpenTabletDriver. Jaribu hiyo ya pili, na uhakikishe kwanza kwamba modeli yako imo kwenye orodha yao. Halafu, kwa kuwa umeme wetu tunaujua sote, zoea kubonyeza Ctrl+Alt+S, ambayo huhifadhi nakala mpya yenye namba inayofuata badala ya kuandika juu ya faili la zamani.

Wino na Karatasi

Naomba kutofautiana nawe kuhusu leya, kwa heshima. Mimi huchora picha za vitabu vya watoto, na mhariri anaweza kuniambia wiki mbili baadaye kwamba punda ahamie upande wa kushoto au kwamba gauni la msichana liwe la buluu. Nikichora kila kitu kwenye leya moja, nitarudia ukurasa mzima bila malipo ya ziada. Sidhani ni haki kuwaambia vijana wanaotafuta riziki kwamba leya ni adui wa sanaa.

Kisu cha Rangi

Dada, kwa kazi ya mteja una haki kabisa, na sikusudii mtu yeyote alale njaa kwa sababu ya kingo. Ninachopendekeza kwa kazi kama yako ni kutenganisha vitu hadi mhariri aridhike, kisha kutengeneza nakala ya faili, kuunganisha leya zote katika nakala hiyo, na kutumia saa ya mwisho kuchora juu ya mipaka: mahali ambapo nywele zinagusa ukuta, mahali ambapo miguu inagusa nyasi, mahali ambapo kivuli cha punda kinalala ardhini. Faili la awali linabaki na leya zake kama kinga. Hata hivyo, kwa mtu anayejifunza, bado nasema leya moja, kwa kuwa humlazimisha kuamua.

Maji ya Moto

Uzi wote umezungumzia mafuta. Sisi wa rangi ya maji je?

Kisu cha Rangi

Hapo lazima tuseme ukweli kwamba programu huria bado ziko nyuma. Krita haina kiigizo cha kweli cha maji yanayotiririka kwenye karatasi, na brashi zake za rangi ya maji ni ncha zilizochorwa kwa ustadi ili zifanane na madoa. Lakini mengi yanawezekana ukielewa kinachotokea kwenye karatasi halisi. Doa la rangi ya maji huwa na ukingo mweusi zaidi kwa sababu maji hukauka haraka pembeni, na maji mengine hutiririka kutoka katikati kujaza pengo hilo yakibeba chembe za rangi. Kwa hiyo chagua brashi yenye ukingo uliokolea, weka leya katika hali ya kuzidisha ili mpako wa juu ugizishe wa chini badala ya kuufunika, na usitumie nyeupe hata mara moja. Weupe wote utoke kwenye karatasi. Anza na mipako hafifu uende kwenye mizito, na usirudi nyuma. Sharti hilo la kutotumia nyeupe peke yake hufanya kazi kubwa kuliko brashi zote za kupakua.

Fundi wa Mabango

Mimi nimetoka upande mwingine kabisa, nilikuwa naandika mabango na kuchora kuta za vinyozi kwa rangi ya kopo kabla ya mashine za kuchapa kutunyang'anya kazi. Ninapenda mtindo wa Tingatinga na nimejaribu kuuiga kwa Krita, lakini kazi yangu inatoka kama katuni za televisheni. Nakosa nini?

Kisu cha Rangi

Mzee wangu, wewe una bahati kuliko sisi sote, kwa sababu unajua enameli inavyotembea. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za enameli, za aina iliyotumika kupaka baiskeli, juu ya mbao bapa za nyuzi zilizoshindiliwa. Rangi hiyo ni nzito, inang'aa, na hufunika kilicho chini yake bila kuchanganyika nacho ikiwa cha chini kimekwisha kukauka. Ndiyo maana mtindo wenyewe ukawa wa mipako bapa, madoa juu ya madoa, na mistari inayokaa juu ya umbo badala ya kuzama ndani yake.

Kwa hiyo tupa kila nilichosema kuhusu kingo zinazopotea. Tumia brashi ya kawaida isiyopitisha mwanga, zima mgandamizo wote, na uchore mandhari ya nyuma kwa rangi inayobadilika taratibu kutoka juu hadi chini. Kinachoifanya kazi yako ifanane na katuni, nadhani, ni kwamba unajaza umbo kwa ndoo ya rangi na kuacha kidhibiti cha mistari, kile kinachonyoosha mtikisiko wa mkono, kikiwa kimewashwa. Kizime. Jaza umbo kwa mkono, kwa mpako mmoja unaofuata mgongo wa mnyama, na uache sehemu chache ambapo mpako wa pili umepanda juu ya wa kwanza. Madoa ya chui yachore moja moja. Ukitengeneza doa moja na kulinakili, jicho la mtazamaji litajua hata kama hawezi kueleza amejuaje. Mng'ao wa enameli hautoki kwa brashi. Injini ya kukoroga ya Krita tangu 5.0 ina mpangilio wa unene wa rangi, lakini mwanga wake umechorwa ndani ya ncha ya brashi, na ukigeuza leya kulia kwenda kushoto mwanga nao hugeuka. Kwa Tingatinga sioni haja yake.

Mchoraji wa Ngara

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nilichapisha mchoro mmoja kwenye kanvasi katika duka moja la mjini, na kijani chote kilitoka kimekufa. Fundi alisema kosa ni la faili langu. Ni kweli?

Kisu cha Rangi

Huenda hakuna aliyekosea. Wino wa printa hauwezi kutoa kila rangi ambayo skrini inaitoa kwa mwanga wake, na zinazoumia zaidi ni kijani kikali, bluu ya umeme na zambarau, kwa hiyo jakaranda za Oktoba nazo zitakupa taabu ileile. Muulize fundi kama ana wasifu wa rangi wa printa yake kwa kanvasi anayotumia, uuingize katika Krita, kisha ubonyeze Ctrl+Y, na skrini itakuonyesha kwa makadirio jinsi mchoro utakavyotoka. Mwenye paleti ya Zorn hapati mshtuko mkubwa hapo, kwa kuwa rangi zake za udongo karibu zote zimo ndani ya uwezo wa wino. Usigeuze faili lako la awali kuwa CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa printa. Geuza nakala, uihifadhi kama TIFF, kwa maana PNG haibebi CMYK.

Kabla ya kulipia kanvasi nzima, lipia kipande kidogo chenye sehemu ya giza zaidi na sehemu ya kijani, ukitazame nje penye kivuli, wala si chini ya taa za dukani. Punguza pia mwanga wa skrini yako unapochora, kwa sababu wengi wetu huuwasha hadi juu kabisa na kisha kushangaa kwamba karatasi imetoka giza. Kwa mchoro utakaotundikwa ukutani na kutazamwa kutoka mbali, doti 150 kwa inchi zinatosha, kwa hiyo A3 yako ya doti 300 unaweza kuichapisha kwa upana maradufu. Ongeza kama sentimita tano za rangi kila upande wa mchoro kabla ya kuipeleka, la sivyo fundi wa fremu atakunja sehemu ya picha yenyewe nyuma ya mbao.